Rimoti ya Kila Televisheni

Vyombo vya nyumbani vina desturi ya kumtii aliyevizoea na kumkaidi aliye mgeni kwavyo. Juu ya Tengeru, katika mteremko wa Mlima Meru ambako migomba na mibuni imesongamana hata nyumba hazionani, mwalimu mmoja mstaafu alilifahamu jambo hili katika uzee wake. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mguu wa kulia. Mkewe alikwisha fariki, na mwenziwe wa kila siku alikuwa mjukuu wa kiume wa miaka 13. Starehe yake ilikuwa moja tu, nayo ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Televisheni yao ilikuwa ya mtumba, yenye jina ambalo hata mafundi wa mjini Arusha hawakulijua. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mjini humo mwaka 2013, televisheni ya namna ile haioni kitu bila king'amuzi. Rimoti ya king'amuzi ilikuwa nzima. Rimoti ya televisheni yenyewe ilitumbukia katika ndoo ya maji ya ng'ombe, ikafa. Vibonyezo vya televisheni vilikuwa nyuma ya kioo, mahali ambapo mwenye miguu mizima hufika kwa hatua tatu, na mwenye mguu mmoja hufika kwa jasho. Basi mjukuu akawa ndiye rimoti. Aliambiwa awashe, akawasha, aliambiwa apunguze sauti, akapunguza, wala hakununa. Lakini lilibaki juma moja tu aende shule ya bweni.

Alitumwa mjini kununua rimoti ya kila televisheni. Katika vibanda vya karibu na Soko Kuu huziona zimetundikwa misumarini kama samaki wa kukaushwa. Muuzaji alitia betri, akaielekeza rimoti kwenye kamera ya simu yake, akabonyeza. Katika kioo cha simu ikaonekana nuru ya rangi ya zambarau ambayo jicho tupu haliioni. Kijana alirudi na habari ya nuru ile kwa furaha kubwa kuliko ya rimoti yenyewe.

Nuru hiyo ndiyo siri yote. Humetameta mara 38,000 hivi kwa sekunde, kwa vipindi virefu na vifupi, na mpango wa vipindi hivyo ndio amri. Kila kiwanda kina mpango wake, hata televisheni ya kiwanda kimoja ikipewa amri ya kiwanda kingine hukaa kimya kama Mmeru anayesemeshwa Kimasai asichokijua. Rimoti ya kila televisheni imebeba lugha nyingi tumboni. Kazi ya mwenyewe ni kuiambia iseme ipi. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1950 kiwanda cha Zenith cha Marekani kiliuza rimoti yenye waya mrefu, na watu wakajikwaa. Mwaka 1955 kilileta nyingine ya kurusha mwanga kama tochi, na jua lilipoingia dirishani likaanza kuiamuru televisheni bila ruhusa. Wataalamu wa Kiswahili wamekiita chombo hiki kitenzambali. Jina zuri, ila sokoni ukilitaja utaulizwa unataka nini.

Kitabu kilichokuja na rimoti kiliandikwa kwa Kiingereza na Kichina, kwa herufi ndogo kama chawa. Mwalimu alikipitia kwa kioo cha kukuzia, orodha ya viwanda na tarakimu zao, ukurasa baada ya ukurasa. Jina la televisheni yake halikuwamo. Ikabaki njia ya kubahatisha: televisheni huwashwa kwa mkono, rimoti hutegwa, nayo hujaribu amri ya kuzima ya kiwanda kimoja baada ya kingine. Televisheni ikizimika, mtu abonyeze upesi ili alama ishikwe. Akichelewa, rimoti imekwisha kupita, na kazi inaanza upya.

Kijana alifaulu mara ya pili. Babu hakufurahi.

"Sasa ivuruge," alisema.

"Babu, si inafanya kazi?"

"Inafanya kazi kwako. Toa betri."

Rimoti ile ilikuwa ya bei nafuu, na betri zilipotoka ilisahau yote iliyofunzwa. Ndilo jambo mwalimu alilolihofia: siku moja betri zingekwisha, na kijana yuko mbali. Jioni tatu walikaa hivyo. Mzee alichelewa mara nyingi, kwa kuwa kidole chake kilifuata jicho kwa kusitasita. Katikati ya kazi alichukua jalada la daftari akaandika hatua zote kwa Kiswahili. Kijana aliposema "bonyeza" mahali pawili, alimkatiza: kubonyeza na kuachia ni jambo moja, kubonyeza bila kuachia ni jingine, na hilo la pili aliliandika "bana". Jalada likabandikwa ukutani, kimo cha mtu aliyeketi.

Kijana alikwenda shule. Mwezi wa pili betri zikaisha. Jirani alinunua nyingine akaziacha mezani kwa haraka, kwa kuwa mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Mwalimu alijikokota akaiwasha televisheni, akarudi kitini, akabana, akangoja. Saa mbili ilipiga, msomaji akaanza kusoma, na mzee hakumsikiliza hata neno. Kioo kikawa cheusi ghafla. Kidole kikashuka.

Alikaa gizani kitambo, akifurahia televisheni iliyozimika. Alipoiwasha tena, kwa rimoti, walikuwa wamekwisha kufika kwenye habari za michezo.