Kompyuta ya Marehemu Baba na Daftari Lake



 

Ndugu wasomaji, wahariri wa jarida letu walituomba mwaka huu tuandike kuhusu faida za kompyuta kwa mwanafunzi wa Kiislamu. Tulikubali, kisha tukakaa na kalamu siku mbili tusipate la kuandika, kwani faida hizo kila mtu anazijua, na mengi tuyajuayo sisi kuhusu kompyuta ni adha zake. Tunaomba radhi kwa wahariri. Tutaandika kuhusu kompyuta moja tu, ile iliyoko sebuleni kwetu hapa Tanga, ambayo wanafunzi wengi wameiona wanapokuja kuchukua karatasi za mitihani.

Kompyuta hiyo aliiunga kwa mkono wake marehemu baba yetu, Allah amrehemu, mwaka 2004. Baba alikuwa mhandisi wa umeme, na umri wake wa kazi aliumalizia kwenye winchi na mitambo ya bandarini. Vifaa vyake vilikuwa mitumba kutoka Dubai: prosesa ya Pentium 4, memori ya MB 256, hadi diski ya GB 40, na skrini nzito yenye kisogo kama televisheni za zamani. Programu yake ni Windows XP, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Watu hutuuliza kwa nini hatuitupi. Jibu la kwanza ni kwamba printa yetu ya zamani ina kebo nene ya tundu pana, na kompyuta za leo hazina tundu hilo. Jibu la pili ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Mwaka 2006 baba alichukua kanda 31 za darsa za tajwidi za marehemu mwalimu mkuu wa kwanza wa madrasa yetu. Aliunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya mmoja mwembamba, akazirekodi moja baada ya nyingine. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60, hakuna njia ya mkato. Wiki nyingi tulilala tukiisikia sauti ile ya mzee kutoka sebuleni, akimkatiza mwanafunzi, "Rudia!", na mwanafunzi akirudia. Kila darsa ya saa moja ilijaza karibu MB 60. Kanda zenyewe ziliingia koga, na mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya baba kufariki, sisi wenyewe tulizitupa tulipokuwa tukisafisha stoo. Kwa hiyo tangu siku hiyo sauti ya mwalimu wetu, kwa kadiri tulivyojua, ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya diski moja iliyokwisha zeeka. Tulilijua hilo. Kila mara tulisema tutainakili likizo ijayo. Likizo zilikuja na kuondoka kwa miaka sita.

Basi, mwezi wa Shaaban, mwaka 2023, tukiwa na mitihani ya kufunga madrasa, tulirudi kutoka swala ya alasiri tukabonyeza swichi. Feni ilizunguka sekunde mbili ikasimama. Tukabonyeza tena, ikawa vilevile. Skrini nyeusi. Tukachomoa plagi, tukachomeka, tukaipiga ubavuni kwa kiganja (tunajua, si elimu hiyo), na haikufaa kitu.

Aliyeigusa mara ya mwisho alikuwa mwanetu wa kwanza, wakati huo ana miaka minane. Alikuwa amechora meli. Tulipomwita alisema, "Baba, ilijizima yenyewe." Hatukumpa nafasi ya neno la pili. Tulimkemea mbele ya bibi yake na mbele ya watoto wa jirani waliokuja kusoma, tukamwambia kwamba ameharibu amana ya watu, na kwamba asiiguse tena maadamu anaishi nyumba ile. Tulisema na mengine ambayo hayafai kuandikwa katika jarida la madrasa. Mtoto hakulia. Alitoka nje.

Asubuhi ya siku ile ile, wanafunzi wa darasa la nne ni mashahidi, tulikuwa tumefundisha aya ya sita ya Surat al-Hujurat, inayotutaka kuhakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Tulieleza vizuri, tukatoa na mifano. Aya inazungumzia habari iletwayo na fasiki. Habari yetu sisi ililetwa na dhana yetu wenyewe, na hatukuiuliza hata imetoka wapi.

Kesho yake tuliibeba kompyuta kwa baiskeli hadi kwa fundi mmoja maeneo ya Ngamiani. Fundi aliichomeka, akaitazama kidogo, akasema mazabodi imekufa na hakuna dawa ila kununua kompyuta nyingine, ambayo kwa bahati njema anayo. Akatutoza pesa ya kuiangalia. Hatumlaumu sana. Yeye alifanya tulivyofanya sisi kwa mtoto: alitoa hukumu bila kufungua kifuniko.

Tulipokuwa tukitafuta sidii ya Windows ndani ya sanduku la vyombo vya baba, tulikuta daftari. Ni daftari la kawaida la shule, kurasa 96, lenye jalada la bluu. Baba aliligawa kila ukurasa kwa mstari wa rula. Upande wa kushoto aliandika "Dhana", upande wa kulia "Hakika". Kila kompyuta ilipoleta matata, aliandika kwanza tarehe, kisha anachodhani ni sababu, na baada ya kuhangaika aliandika kilichoonekana. Tulisoma hadi adhana ya isha. Katika kurasa nyingi pande mbili hizo hazikufanana hata kidogo, na huyu ni mtu aliyefanya kazi ya umeme kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kwa mfano, mwaka 2004 maandishi ya Kiarabu yalikuwa yakitoka vipande vipande, kila herufi peke yake, tena kwa kuanzia kushoto, kama shanga zilizokatika uzi. Dhana: fonti mbovu. Hakika: kompyuta huhifadhi herufi tupu tu. Kazi ya kuamua kama herufi ni ya mwanzo, ya kati au ya mwisho wa neno, na kuiunganisha na jirani yake, hufanywa na programu wakati wa kuonyesha, na Windows XP ilihitaji kuongezewa mafaili ya lugha za kuandikwa kulia kutoka kwenye sidii yake. Usiku tatu zilikwenda hapo. Mwanafunzi unayepiga chapa Kiarabu leo kwenye simu, herufi zikajiunga zenyewe, ujue jambo hilo halikuwa la bure.

Mwaka 2009 fomu za matokeo zilitoka na tarehe ya mwaka 2002, na mzazi mmoja akaja kuuliza vipi mwanawe amefaulu mtihani kabla hajazaliwa. Dhana: virusi. Hakika: betri. Ndani ya mazabodi mna betri ndogo mfano wa sarafu, ya volti 3, inayoitwa CR2032, ambayo hulinda saa na tarehe umeme ukizimwa. Ikiisha, kompyuta kila ikiwashwa hurudi kwenye tarehe yake ya kiwandani. Tunakumbuka jinsi baba alivyocheka.

Kuna ukurasa mmoja wa mwaka 2005 uliotusimamisha. Kibodi ilikuwa imekufa. Dhana: unyevu wa bahari. Hakika: "Chai ya maziwa. Sukari imeganda chini ya vitufe." Hakuandika zaidi ya hapo. Chai ile, ndugu wasomaji, tuliimwaga sisi, tukiwa na miaka kumi na mitano, tukaifuta kwa fulana, tukanyamaza. Wakati ule baba alinunua kibodi nyingine, akasema tu kwamba ile ya zamani imechoka. Katika nyumba yetu hapakuwa na mwingine aliyekunywa chai mbele ya kompyuta. Alijua. Alikaa nalo miaka kumi na moja, hadi alipokufa.

Usiku ule tulichukua kalamu, tukafungua ukurasa mpya, tukaandika tarehe. Upande wa Dhana tuliandika: mtoto. Kulitazama neno lile kwa mwandiko wetu, chini ya mwandiko wa baba, ni jambo gumu kulieleza.

Asubuhi tulifungua kifuniko kwa bisibisi. Vumbi lililokuwemo lilikuwa kama sufi ya mto, na feni ya prosesa ilikuwa imezibwa kabisa. Tulipolipuliza na kulifagia kwa brashi ya rangi, tuliona karibu na prosesa safu ya vikopo vidogo vya bati, virefu kama nusu ya kidole kidogo. Hivyo ni kapasita. Kazi yake ni kuuhifadhi umeme kidogo na kuutuliza, ili prosesa isipate umeme unaoyumba. Ndani yake mna majimaji, na joto likizidi majimaji hayo hukauka au hutoa gesi, ndipo kikopo huvimba kichwani. Mazabodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilijulikana kwa kapasita dhaifu. Kapasita nzima huwa bapa juu. Tatu katika zetu zilikuwa zimetuna kama mandazi, na moja ilikuwa imevuja maji ya kahawia.

Katika daftari baba alikuwa ameandika kanuni ya wahandisi, kwamba joto likipungua kwa nyuzi 10, umri wa kapasita huwa karibu maradufu. Ndiyo maana kila mwezi wa Shaaban aliifungua kompyuta ile akaipuliza vumbi. Tarehe zote zimo, mwaka kwa mwaka, hadi 2015. Baada ya hapo hakuna aliyeifungua. Kwa hiyo aliyeiua kompyuta, kama ni lazima atajwe, ni sisi.

Tuliijaza upande wa Hakika.

Mzee mmoja fundi wa redio alizibandua kapasita zile tatu akalehemu nyingine za kiasi kile kile cha maikrofaradi, na volti zisizopungua zile za mwanzo. Bei ya zote tatu haikufika bei ya kilo moja ya sukari. (Wanafunzi wetu wapenda kufungua vitu, hapa tunawaomba: pawa saplai, lile boksi linaloingia waya wa ukutani, msilifungue. Hubaki na umeme ndani hata likishachomolewa.) Kompyuta iliwaka.

Kabla ya kugusa kitu chochote tulimwita mwanetu. Alisimama mlangoni, hakuingia, kwani amri yetu ilikuwa bado imesimama. Tangu siku ile alikuwa akienda msikitini na ami yake, si nasi. Tulimwonyesha zile kapasita zilizotolewa, tukamweleza zilivyokuwa, na ya kwamba baba yake ndiye aliyeacha vumbi. Tukamwomba msamaha, mbele ya bibi yake, kwa kuwa mbele ya bibi yake ndipo tulipomkosea. Aliishika ile iliyovuja akaigeuzageuza. Akauliza, "Kwa hiyo siyo mimi?" Tukasema siyo wewe. Akauliza mara ya pili, na mara ya tatu. Wiki ile yote, mama yake anatuambia, alikuwa akiwaza ni kitufe gani alichokibonyeza vibaya.

Watoto wa jirani tuliwaambia pia, mmoja mmoja. Hilo lilikuwa zito zaidi kuliko tulivyotarajia.

Kisha tukanakili. Hadi diski ni sahani zinazozunguka, hii yetu mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea huelea kwenye hewa nyembamba mno kuliko unywele. Nayo, bila kutuambia, ilikuwa ikichakaa taratibu kwa muda mrefu. Kati ya darsa 31, tulifanikiwa kunakili 27. Nne zilikwama katikati, zikatoa ujumbe ule ule kila tulipojaribu: moja ya idghamu, moja ya qalqala, na mbili za madda. Tungenakili mwaka 2017 pengine zote zingekuwapo. Hizo 27 sasa zipo katika diski mbili tofauti, moja ofisini kwa madrasa na moja nyumbani kwetu, na katika flashi aliyonayo katibu wa wazazi. Mwanafunzi anayetaka kusikiliza aje ofisini baada ya swala ya alasiri, Jumamosi au Jumapili.

Na hapa tuna ombi kwa wazazi. Tunakumbuka kwamba zamani kanda zile ziliazimwa na kurekodiwa upya majumbani. Yamkini nyumba fulani, ndani ya sanduku au juu ya kabati, ipo nakala ya darsa ya idghamu, ya qalqala au ya madda. Ukiipata, tafadhali usiijaribu kwenye redio ya zamani, kwani huenda ikaing'ata. Ukiiona ina koga, usiifute. Itie ndani ya mfuko mkavu utuletee. Redio kaseti ya baba bado tunayo, na waya wake upo. Mwanetu ndiye atakayebonyeza kitufe cha kurekodi, tumeshampa ahadi.