Filta ya Laki Mbili

Kaka yangu anataka kung'oa boksi la filta ya hewa kwenye Impreza yake, isiyo na turbo, afunge ile koni nyekundu inayokaa wazi chini ya boneti. Sh 200,000 na ufundi juu. Hela hiyohiyo ndiyo aliyoniahidi ya chumba nikienda mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo nina maslahi hapa, sifichi.

Lakini fizikia nayo iko upande wangu. Injini inataka uzito wa hewa: gramu 1 ya petroli inahitaji hewa kama gramu 14.7 ili iungue vizuri. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya nyuzi 25. Sasa koni inanyonya wapi? Palepale ubavuni mwa injini, kwenye foleni ya Ubungo, saa nane mchana! Boksi analolidharau lina bomba la kuleta hewa ya nje.

Halafu zile koni za kupakwa mafuta. Yakizidi, yanakwenda kushika kwenye waya mwembamba wa sensa inayopima hewa, na kompyuta ya gari inapima petroli kwa taarifa za uongo.

Nilimweleza yote. Akacheka: "Dogo, we hujasikia inavyonguruma."

Hapo sina ubishi, maana boksi limetengenezwa pia kupunguza kelele. Akisema ananunua mngurumo, sawa, hela ni zake. Ila asiniambie ananunua nguvu.

Jumamosi anakwenda gereji. Jumatatu mimi naripoti shuleni.