Ukuta Usiorudi

Utoto, shule na chuo navipita kwa sentensi hii moja, maana kilichonisukuma kuandika baada ya kustaafu ni ubishi ambao haujanitoka: ugonjwa wa bwawa la zege haujulikani kwa kipimo cha siku moja. Zege huonekana kama mwamba, kumbe ukuta wa bwawa hutembea kila mwaka. Ziwa likijaa, maji huusukuma upande wa bondeni. Jua likiuchoma, ukuta wa tao hutanuka na kuelemea ziwani. Ni mwendo wa milimita tu, na majira yakigeuka ukuta hurudi. Sasa alkali ya saruji ikikutana na silika ya aina fulani katika kokoto, huzaliwa ute unaonyonya maji na kulivimbisha zege: huo ndio ugonjwa wenyewe. Thomas Stanton alilieleza hilo huko California mwaka 1940. Tao likivimba huinuka na kuelemea ziwani, yaani kulekule linakopelekwa na joto. Anayepima mara moja, wakati wa kiangazi na ziwa limeshuka, ataukuta ugonjwa na kuuita hali ya hewa.

Ndiyo maana timazi, ule waya mrefu unaoning'inia ndani ya ukuta, haina faida bila daftari. Linganisha vipimo vya miaka mingi, kina cha maji kikiwa kilekile na majira yaleyale: mwendo usiorudi ndio ugonjwa. Ukuta wa bwawa la Kariba, wenye kimo cha mita 128 na uliokamilika mwaka 1959, ni mmojawapo wa kuta zilizouugua.

Wapo wanaosema: toboa, toa kipande, kiweke chini ya darubini, ukiona pete nyeupe kuzunguka kokoto, umemaliza. Darubini naiheshimu, lakini hutaja jina la ugonjwa, si kasi yake, na kasi ndiyo huamua lini milango ya maji itaanza kukwama. Kule kwenye bwawa la Mactaquac, Kanada, zege la mwaka 1968 limekuwa likikatwa kwa waya wa almasi ili lipate nafasi ya kuvimbia. Huwezi kupanga mkato kama hujui zege linavimba kiasi gani kwa mwaka. Wengine husubiri nyufa. Mahali zege lilipobanwa sana, ufa huenda usijitokeze kabisa, na uvimbe unaendelea.

Enyi vijana wa skrini, vifaa vyenu vinavyojisoma vyenyewe ni vizuri, na havisinzii. Lakini kifaa kipya kikifungwa leo, cha zamani kikang'olewa leo, hesabu ikaanza sifuri, miaka 30 ya mwendo imefutwa bila ukuta kupona hata kidogo. Vifaa vyote viwili visomwe sambamba, masika na kiangazi, mwaka mzima, ndipo cha zamani king'olewe.