Dereva, fidia muda!

Wadau, kuna neno moja ambalo kila aliyepanda basi la mkoani amelisikia: fidia. "Dereva, fidia muda bwana, tumechelewa!" Linasemwa kirahisi kabisa, kama vile muda ni chenji unayoweza kudai kwa konda. Leo naomba tulipigie hesabu.

Hivi majuzi nilikuwa natoka Morogoro kwenda Dodoma, safari ya kama kilomita 260. Dumila, Gairo, kila penye makazi dereva alishuka hadi 50 kama sheria inavyotaka. Jamaa wa kiti cha nyuma yangu akaanza: "Huyu kabeba mayai nini?" Akatoa simu, akagawanya 260 kwa 80, mwendo wa juu ulioruhusiwa kwa mabasi, akapata saa tatu na robo. Kisha akatangaza: "Nusu ya njia tumekwenda kwa 60. Nusu iliyobaki apige 100 tu, wastani unakuwa 80, tunafika palepale." Basi zima likamuunga mkono. Dereva akaongeza sauti ya muziki, akaendelea na mwendo wake. Tulifika baada ya saa nne na ushee.

Hesabu ya yule jamaa inaingia akilini, eti? 60 jumlisha 100, gawanya kwa mbili, 80. Tatizo ni kwamba kasi haijumlishwi hivyo. Kinachojumlishwa ni muda.

Hebu tuone. Nusu ya njia ni kilomita 130. Kwa mwendo wa 60 zinachukua saa 2 na dakika 10. Toa hizo kwenye saa 3 na dakika 15, unabaki na saa 1 na dakika 5. Muda uliobaki ni nusu ya ule uliotumika, lakini umbali ni uleule. Kwa hiyo kasi lazima iwe mara mbili: 120, siyo 100!

Na kama nusu ya kwanza mngekwenda kwa 40? Kilomita 130 kwa 40 ni saa tatu na robo kamili. Muda wote umekwisha na bado mko katikati ya njia. Hapo hata ndege haifidii.

Sasa itazame hiyo 120. Ukiilinganisha na 80 ni uwiano wa 3 kwa 2, unaweza kusema si mbaya sana. Lakini nishati ya chombo kinachokwenda hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo linapogonga kitu uwiano ni 9 kwa 4, zaidi ya mara mbili. Kwa 80, basi linakwenda mita 22 kila sekunde. Kwa 120 ni mita 33. Dereva akiona ng'ombe barabarani na mguu ukachelewa sekunde moja tu kufika kwenye breki, mita 33 zimeshakwenda.

Ajali ikitokea, tunasoma kwamba chanzo ni mwendo kasi. Habari inaishia hapo, lawama zote kwa dereva. Mimi nauliza: huo mwendo kasi aliuagiza nani? Kikomo cha 80 ni dari, siyo wastani. Basi linalotii sheria, linalopunguza mwendo kwenye makazi na kusimama mizani, haliwezi kumaliza kilomita 260 kwa saa tatu na robo hata siku moja. Mwenye basi anayepanga ratiba hiyo, na abiria anayeidai, wote wameagiza sheria ivunjwe, hata kama hawajui.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku nyingine ukisikia mtu anapiga kelele "fidia!", muulize maswali mawili tu: zimebaki kilomita ngapi, na zimebaki dakika ngapi? Mwache agawanye mwenyewe. Akishapata jibu, muulize kama bado anataka kupanda hilo basi.