Sanduku la Vitabu Kando ya Karai

Shuhuda nilizozoea kuzisikia ni za kanisani: fulani kaacha mnazi, fulani kaponywa mguu, watu wakapiga makofi. Wangu hauna pombe wala mguu. Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa Gede, kando ya njia ya kwenda Watamu. Shule niliacha darasa la sita kwa kukosa karo, miaka michache kabla Kibaki hajaifanya elimu ya msingi kuwa ya bure mwaka 2003. Kusoma nilijua. Nilisoma ujumbe wa M-Pesa, risiti ya unga, na Biblia pale mchungaji alipotaja sura. Lakini kitabu cha hadithi, nikianze mpaka nikimalize, sikuwahi.

Agosti 2024 mwanangu alifunga shule akarudi na karatasi ya vitabu vya kusoma likizoni. Alikuwa gredi ya nane, katika lile kundi la kwanza la sekondari msingi lililoingia gredi ya saba Januari 2023 na kubaki kwenye ua ule ule wa shule ya msingi. Maktaba hawana. Walichokuwa nacho ni mwalimu wa Kiswahili mwenye sanduku la bati, ndani mna vitabu vyake mwenyewe na vingine vya kuombaomba, nakala moja moja. Karatasi yake ilikuwa na masharti. Kila mtoto anaondoka na kitabu kimoja, akimaliza abadilishe. Na kila siku amsomee mtu mzima ukurasa mmoja kwa sauti, mtu huyo atie sahihi.

Watoto wenyewe wametapakaa: Mijomboni, Dabaso, Timboni, Mida. Mwalimu naye likizo husafiri kwao bara. Asubuhi moja akaja kibandani, akaagiza mahamri mawili, akanywa chai mpaka ikaisha, ndipo akasema, "Mama, naomba sanduku langu likae hapa kwako. Hapa hakuna asiyepita."

Nikamwambia, "Mwalimu, hapa kuna mafuta na moshi."

"Vitabu vyangu vimezoea shida," akajibu, na sanduku likabaki.

Sijui kama sahihi zile alizipigia hesabu. Wazazi wengi wa huku hutoka alfajiri: hotelini Watamu, baharini, machimboni kukata mawe. Jioni mtu amechoka, hataki kusomewa chochote. Watoto wakagundua kwamba mtu mzima asiyeweza kuwakimbia ni mimi, nimekaa mbele ya karai. Basi wakawa wanapanga foleni kama wa kununua. Huyu ananisomea ukurasa wa Siku Njema, anapokea sahihi, anaondoka. Anakuja mwingine na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert: kuna manyani wawili wanapigwa mijeledi kila usiku, na anayewapiga analia huku anapiga. Nikauliza, kwani wamefanya nini? "Ukurasa umeisha, mama. Tia sahihi." Akachukua kalamu yake akaenda zake.

Wasomaji wa magazeti ya zamani wanaijua hasira hiyo, ile ya hadithi kukatwa wiki hadi wiki. Yangu ilikatwa mara nyingi kwa siku moja, na kila kipande kilitoka kitabu tofauti. Usiku, nikisha kuroweka mbaazi, nikawasha taa ya sola nikafungua sanduku mwenyewe. Wale manyani, kumbe, ni ndugu zake Adili, waliogeuzwa kwa sababu ya wivu wao. Mdogo wangu wa mwisho aliposikia alianza kuwatazama kima wa kule kwenye magofu ya Gede kwa adabu.

Siku Njema ndicho kilichonishika hasa. Ken Walibora alikitoa mwaka 1996. Kijana anaitwa Kongowea Mswahili, mama yake ni mwimbaji wa taarabu wa Tanga, na mama akishafariki kijana anafunga safari ya kumtafuta baba asiyemjua, huko Kitale. Na baba huyo anaitwa nani? Kazungu. Nilisimama na kitabu mkononi. Kazungu ni jina la kwetu. Ukiita Kazungu sokoni Malindi wataitika wengi. Sikuwa nimejua kwamba jina kama hilo huweza kuandikwa kitabuni. Asubuhi yake nilikuwa natia tui zito na jicho liko kwenye ukurasa, nikaacha kukoroga, tui likakatika. Wateja wakala mbaazi zenye mabonge na hakuna aliyerudishiwa pesa.

Pale mwanzoni kulikuwa na maneno mtaani: mtu wa bara anakuja kuwafunza watoto wa Pwani Kiswahili? Hata kwenye kibanda changu yalisemwa. Baada ya Siku Njema niliwauliza waliokuwa wakisema kama wanajua kwamba aliyeiandika alitoka magharibi ya Kenya, mbali kabisa na bahari. Aliaga dunia Nairobi Aprili 2020, amegongwa na gari, wakati wa korona. Sisi wenye lugha tulikuwa wapi? Hakuna aliyenijibu, ila walilipa chai.

Mstari wa mwisho wa orodha haukuwa kitabu. Uliandikwa: someni na Gede, mniletee tarehe iliyo kaburini. Mimi nimezaliwa karibu na magofu haya ya mji wa kale na sikuwahi kuingia ndani. Tulilelewa tukiambiwa kwamba wazee wa mji ule hawajaondoka, wanakufuata kwa macho tu. Na kule sandukuni nilikuwa katikati ya Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mtu ameuawa na maiti yake imekutwa mzimuni, kwa hiyo hofu yangu ilikuwa maradufu. Lakini Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, haogopi mzimu. Anavuta kiko chake na kuuliza maswali. Nikaenda na watoto. Kiongozi akatuonyesha kaburi lenye tarehe iliyochorwa kwenye lipu: mwaka 802 wa Hijria, ndio 1399. Kumbe Mreno Vasco da Gama anatia nanga Malindi mwaka 1498, kaburi hili lina karibu miaka mia. Watoto waliandika tarehe wakakimbilia kima. Mimi nilibaki pale.

Ya chama chetu cha kina mama nitayasema kwa haraka. Mwandishi wetu wa daftari aliolewa akahamia Mariakani, na kabla sijakohoa wenzangu walinitaja mimi. Zamani ningejificha nyuma ya ukosefu wa cheti. Sasa daftari ni langu, na fomu ya mkopo haitiwi sahihi na mtu kabla sijaisoma yote kwa sauti, hata kama aliyeileta ana haraka.

Lililobaki ni ugomvi wangu na mwalimu. Orodha ya likizo ya Desemba tuliitunga pamoja, na mimi nikataka aongeze Rosa Mistika kwa wasichana wakubwa. Akashtuka. Kitabu hicho cha Euphrase Kezilahabi kilitoka 1971, na Tanzania iliwahi kukizuia kisisomwe shuleni. "Mama, hawa ni watoto," akaniambia. Nikamwambia, mwalimu, wewe likizo huenda kwenu. Mimi niko hapa disko matanga, ngoma za usiku za misibani, ikipigwa mpaka alfajiri, na nawaona wasichana waliokuwa shuleni Agosti wakipita na matumbo Machi. Kezilahabi ameandika baba anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana na asimweleze lolote la maisha, kisha binti anaharibikiwa. Walio kama baba huyo nawajua, hununua mahamri kwangu. Kama mtoto hafai kukisoma peke yake, basi anisomee mimi, ukurasa mmoja mmoja, tukizungumza.

Akasema atafikiria, pengine kwa gredi ya tisa tu na kwa ruhusa ya wazazi. Hiyo nami nimeikubali. Nakala yenyewe nimeshaagiza Mombasa, dereva wa matatu ataileta Jumamosi.