Promosheni ya pikipiki Zagayu

Kazi yangu ni promosheni ya pikipiki. Napewa gari la matangazo, spika, fulana na vijana wa kucheza, nazunguka vijijini watu waione pikipiki mpya, waijaribu, waulize bei. Msimu wetu ni msimu wa pamba. Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unaongoza kwa zao hilo nchini. Kwa kawaida ununuzi hufunguliwa Mei, na mkulima akishalipwa, hela ya mwaka mzima anaishika kwa mara moja.

Nilifundishwa kwamba umati ndio mauzo, nami nikawa hodari wa kujaza uwanja. Zagayu, hukohuko Simiyu, ndiko nilikobadilika. Mama mmoja alingoja wimbo uishe, akanisogelea. "Mwadila," akanisalimu, kisha: "Mwanangu, kijana akinunua hii kwa hela ya pamba yetu, ikiharibika spea atazipata wapi? Na mpaka mavuno mengine sisi tutakula nini?"

Spea, nilimjibu, zipo Bariadi mjini. Chakula hakikuwamo kabisa katika maneno niliyopewa kusema. Nikamwambia kijana azime jenereta. Tukapiga hesabu hadharani, kwa Kisukuma: bei, kadi, bima, leseni, oili, cheni, kisha mahindi ya kuweka ndani kabla ya yote hayo. Watu walisogea zaidi kuliko walivyosogea kwa muziki.

Na hawa ni watu wanaoujua umati. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, hushindana baada ya mavuno, kila upande ukicheza kwa wakati uleule, na kule watazamaji wanakohamia ndiko kwenye ushindi. Aliyekulia humo atafurahia spika zangu, lakini hatazipa hela ya pamba kwa sababu tu zinavuma.

Siku hizi muziki wangu ni mfupi. Namwita bodaboda mzoefu wa hapohapo aeleze barabara ya masika inavyokula cheni, na anachobaki nacho jioni akishampa tajiri, mwenye pikipiki, hesabu yake. Kofia ngumu naonyesha mbili, maana kanuni za 2010 za pikipiki za abiria zinamtaka abiria naye avae. Wengi huondoka bila kununua. Baadhi hurudi na mke au mzazi, na hao ndio ninaowauzia kwa moyo mweupe.

Ofisini wanataka idadi ya waliohudhuria. Naipeleka, pamoja na orodha ya maswali waliyouliza.