Mbwa Aliyekunywa Maji Mno

Bigwa iko upande wa mashariki wa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Huko alikaa mzee mmoja mwenye shamba la mahindi na migomba, pamoja na mbwa wake mlinzi, jina lake Simba, aliyekuwa na umri wa miaka 10.

Ikawa mzee akaona ya kuwa Simba anakunywa maji kupita desturi yake. Bakuli likijazwa asubuhi, kabla ya adhuhuri huwa tupu; na usiku mbwa hutoka mara tatu au nne kukojoa. Mwili wake ukakonda. Jirani wakamwambia mzee, "Mnyime maji, naye hatakojoa." Shauri hilo laonekana kuwa la akili, tena ni rahisi, nalo limewaua mbwa wengi. Mzee alilifuata siku moja. Hakujua kwamba usiku mjukuu wake, mtoto wa darasa la sita, alimpelekea Simba maji kwa siri katika kopo.

Siku ya pili walimchukua mbwa mpaka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa hapo Morogoro mwaka 1984. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Akaamkia, "Shikamoo, Babu," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu." Kisha hakutaja dawa yoyote, bali aliomba mkojo. Mzee akacheka. Mjukuu hakucheka, alivikwa mipira ya mikono, akapewa chombo kisafi kilichofungwa penye ncha ya fimbo, akaambiwa amfuate mbwa uani na kukinga. Mipira ile haikuwa ya bure, maana mkojo wa mbwa huweza kuwa na vijidudu vya homa ya mgunda, ambayo panya pia huieneza. Mwaka 2022 homa hiyo iliua watu katika Mkoa wa Lindi.

Kazi ya figo ni kuchuja damu na kutoa taka zake. Mwili ukipungukiwa maji, figo nzima huyarudisha maji katika damu, na mkojo hutoka mchache na mzito. Maji yakizidi mwilini, mkojo huwa mwepesi. Basi anayeupima uzito wa mkojo hupata habari za figo bila kumpasua mnyama.

Daktari akatoa chombo kama darubini ndogo, kiitwacho refraktomita. Tia fimbo iliyonyoka katika ndoo ya maji, nawe utaiona kana kwamba imevunjika. Nuru hupinda iingiapo majini, na maji yakiwa na vitu vingi vilivyoyeyuka ndani yake, hupinda zaidi. Chombo kile hupima kupinda huko. Kwanza daktari alitia tone la maji safi yaliyokusanywa kutoka mvuke, akahakikisha kwamba kipimo chaonyesha 1.000. Mizani isiyojaribiwa humdanganya mwuzaji na mnunuzi pia. Kisha akapangusa kioo, akatia tone la mkojo, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akamwita mtoto atazame. Juu palikuwa na rangi ya samawati, chini peupe, na mpaka wake ulikata namba 1.010.

Maana yake ni hii: maji yenye uzito wa gramu 1000, ukichukua mkojo ule kwa ujazo ule ule, utapata gramu 1010. Mbwa mwenye figo nzima aliyekosa maji hufikisha 1.030 na zaidi, hata wengine hupita 1.060. Lakini kati ya 1.008 na 1.012 mkojo hulingana na maji ya damu yaliyochujwa tu, kana kwamba figo hazikufanya kazi yoyote zaidi.

"Babu," daktari akauliza, "mbwa huyu amekunywa maji tangu jana?"

"Hata tone," mzee akajibu.

Mtoto akatazama chini. Kama mbwa hakunywa, namba ile ilikuwa habari mbaya sana. Kama alikunywa tele, huenda ilikuwa si kitu. Akasema, "Babu, nisamehe. Nilimpa kopo tatu." Mzee akanyamaza.

Daktari hakumkemea mtoto. Alichukua damu, akaagiza maji yaachwe wazi, na mkojo wa kwanza wa alfajiri uletwe. Kwa namba moja peke yake daktari mwema hahukumu.

Kesho yake kipimo kilionyesha 1.011, na damu ilikuwa na taka nyingi. Basi figo zilikuwa zimechakaa. Mbwa hufikia hali hiyo yapata robo tatu za figo zikiisha kuharibika. Simba alikojoa sana kwa sababu figo hazikuweza kuyazuia maji, naye alikunywa ili afidie aliyoyapoteza. Dawa ya kuzirudisha figo hizo haipo. Daktari alieleza chakula cha kumpa, akasema huenda mbwa akaishi miezi mingi bado.

Jioni ile mzee aliweka bakuli kando, akatoa sufuria kubwa ya jikoni, akampa mjukuu aende kuteka maji.